Barghash: Sultani msumbufu aliyeletea Zanzibar maji ya mfereji

Kabla ajenge ile Beit al-Ajaib yenye kila mtu hupiga picha akienda Zanzibar, kabla hata akalie kiti cha usultani, Barghash bin Said alikuwa yule kijana wa familia kubwa mwenye hatulii. Alijaribu kumpindua brathe yake. Alihepa askari akiwa amevalia nguo za kike. Akafukuzwa nchi kwa meli ya Waingereza. Stori zake za ikulu zinatosha series nzima, na tutazigusa. Lakini leo tunafuata kitu ingine yenye ilimwandama jamaa huyu maisha yake yote, na watu hawaipendi kuiongelea wakiwa kwa meza: magonjwa ya tumbo.

Kama uko Ruiru ama Thika unajiuliza Sultani wa Zanzibar anakuhusu aje, tulia. Kwanza, 1887 ndiye aliyekubali mkataba uliowapa Waingereza kuendesha pwani yake, na kutoka hapo wakaingia bara hadi hii Kenya tunaijua. Pili, kile kipindupindu kibaya zaidi cha enzi zake hakikutoka baharini, kilipitia bara, kwa njia za misafara ya pembe za ndovu. Na tatu, Oktoba 2022 kipindupindu kilirudi Kenya kikianzia kwa harusi Limuru, hapo hapo Kaunti ya Kiambu, kaunti moja na Thika na Ruiru. So hii si stori ya watu wa mbali.

Barghash alizaliwa karibu 1837. Mathe yake alikuwa suria kutoka Ethiopia. Fathe yake, Sayyid Said bin Sultan, ndiye mwenye aliona Zanzibar ina doo kuliko Muscat akahamishia makao huko, akapanda mikarafuu na kumiliki biashara ya pwani nzima. Mzee alikuwa na watoto zaidi ya 30, kwa hivyo hesabu ya nani atarithi ilikuwa noma kutoka mwanzo. Na miaka hiyo hiyo Barghash akizaliwa, kipindupindu kilikuwa kinapita pwani kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa 1821. Hiyo ya kwanza ilikuwa sehemu ya wimbi lililoanzia Bengal, India, 1817, likapanda meli pamoja na nguo na mchele.

Hapo kwa meli ndipo kifo cha kwanza kikubwa kilimpata. 1856, Said alikuwa anarudi Zanzibar kutoka Oman, na Barghash alikuwa naye safarini. Karibu na Seychelles mzee akashikwa na maumivu ya jeraha la zamani kwa paja, halafu kuhara damu kukammaliza. Mtawala wa kutoka Oman hadi pwani ya Kenya na Tanzania, mwenye meli za kivita na mashamba yasiyohesabika, amekufa akiendesha ndani ya meli yake mwenyewe. Kuhara damu huambukizwa kwa njia rahisi sana: choo cha mgonjwa kinapata njia ya kuingia kwa mdomo wa mtu mwingine, kupitia maji, mikono, nzi ama chakula. Bakteria wa Shigella, mmoja wa wale husababisha huo ugonjwa, hahitaji hata kuwa wengi. Wachache tu wanatosha kukulaza. Sasa fikiria meli ya mbao, wiki baada ya wiki baharini, maji yamekaa kwa mapipa, wanaume wamejaa. Ni kama keja ya watu 100 yenye choo moja.

Barghash alimleta babake nyumbani akiwa maiti. Na badala ya kulia kwanza, akaangalia kiti. Mwili ukazikwa usiku kimyakimya, huku kijana akijaribu kushika ngome kabla mji uamke. Jaribio likafeli, na usultani wa Zanzibar ukaenda kwa ndugu yake Majid.

Miaka mitatu baadaye, tumbo likarudi nyumbani kwao. Kipindupindu cha 1858 hadi 1859 kilipiga Zanzibar vibaya, na mmoja wa waliokufa alikuwa Jilfidan, mama ya dada yake wa baba, Salme. Salme alikuwa na miaka kama 15 hivi, amebaki bila mama. Wengi wanamjua huyu Salme kama yule binti wa mfalme aliyetoroka na Mjerumani, akawa Emily Ruete, na kuandika kitabu cha maisha yake. Lakini kabla ya hayo yote, mwaka huo huo wa msiba, alivutwa na Barghash kwa njama ya kumpindua Majid. Alijua kuandika, jambo nadra kwa wasichana wa wakati huo, kwa hivyo akawa ndiye karani wa mapinduzi. Msichana amemzika mama kwa sababu ya kipindupindu, sasa anaandika barua za vita usiku.

Majid akajua. Askari wakazunguka nyumba ya Barghash mjini. Kulingana na simulizi ya Salme, madada walienda kumtembelea, wakatoka naye akiwa amefunikwa kama mmoja wao, walinzi wakaheshimu wanawake wa kifalme hawakumfunua. Akaishia shambani kwa jina Marseille, akajikusanyia watu, na Waingereza wakaingilia kumsaidia Majid. Mbogi ya Barghash ikavunjwa. Yeye akapelekwa uhamishoni Bombay.

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu waandishi wengi huruka Bombay haraka wakimbilie majumba. Barghash alikuwa Bombay hadi 1861. Na 1860, mji huo ulikuwa umetoka tu kufungua maji ya Vihar: ziwa la kutengenezwa, nje ya mji, maji yanateremka kwa mabomba hadi mitaani. Bombay kabla ya hapo ilikuwa inategemea visima na matangi, na kipindupindu kilikuwa kinaipiga kila wakati. Kijana wa Zanzibar aliyefukuzwa kwao alikuwa anaishi katika mji wenye umeanza kunywa maji kutoka mbali badala ya kunywa chini ya miguu yake.

Zanzibar yenyewe ilikuwa inakunywa nini? Visima vifupi ndani ya mji, vingine vya chumvichumvi. Zanzibar imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na hilo jiwe lina matundu kama sifongo. Nyumba zile nzuri za mawe zilikuwa na vyoo vya shimo chini, na kisima hakikuwa mbali. Ukichimba choo hapa na kisima pale kwenye jiwe kama hilo, wewe umechimba shimo moja lenye milango miwili. Wenye walikuwa wanachota na kubeba maji walikuwa hasa wanawake watumwa, mtungi kichwani, asubuhi hadi jioni. Ufuo ulikuwa jaa la taka. David Livingstone alipopita hapo 1866 akijiandaa kwa safari yake ya mwisho, harufu ilimkera hadi akaubandikia mji jina la utani la kuonyesha unanuka. Maji mazuri yalikuwepo, lakini nje ya mji: kijito cha Mtoni, penye meli zilikuwa zinajaza mapipa, na chemchemi za upande wa Bububu. Watoto wa Said walilelewa karibu na maji hayo, katika jumba la Mtoni. Mwananchi wa kawaida alikunywa ya kisima.

Wasee wa Ruiru hapa wanaelewa bila kufafanuliwa. Ploti nyingi bado zinategemea septiki na yale malori ya kunyonya, na kando kuna kisima ama borehole, na kila mtu anaomba Mungu viwili hivyo visijuane.

Kipindupindu cha bara

Barghash alirudi nyumbani 1861 akakaa kimya, mtu wa kuangaliwa tu. Alikuwa bado anangoja wakati ile kubwa ilikuja, mwisho wa 1869.

Tunajua vile hiyo kitu ilisafiri kwa sababu ya daktari mmoja Mskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu watu Zanzibar wakati huo, pamoja na watu wa ikulu. Christie alifanya kitu yenye sasa tungeita upelelezi. Badala ya kusema tu ugonjwa umeletwa na hewa mbaya ama na watu fulani wachafu, aliuliza wafanyabiashara, watu wa majahazi na watu wa misafara: umeona wagonjwa wapi, mwezi gani, mlitoka wapi mkielekea wapi. 1876 akachapisha kitabu kizima London kuhusu kipindupindu Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872. Kwa maoni yangu huyu jamaa anastahili kutajwa zaidi kuliko wapelelezi wa mito wenye tunasoma shuleni.

Njia aliyoichora ni hii. 1865 kipindupindu kililipuka Makka wakati wa hija na kuua mahujaji kwa maelfu. Kikavuka Bahari ya Shamu, kikaingia Ethiopia, kikateremka polepole kwa watu wa kaskazini hadi kufikia nchi ya Wamaasai. Huko kikakutana na misafara ya biashara iliyokuwa inatoka pwani kununua pembe. Misafara ikarudi nacho hadi Pangani, 1869, na kutoka Pangani kuvuka hadi Zanzibar ni safari fupi tu ya jahazi. Novemba 1869 kilikuwa kimeshaingia mjini. Watu walikuwa wamezoea kuogopa meli kutoka India. Safari hii ugonjwa ulikuja kwa miguu.

Kutoka Zanzibar ukatawanyika tena: kusini Kilwa na visiwani kwa majahazi, na magharibi kwa misafara hadi maeneo ya Ujiji. Hata mizigo aliyokuwa akitumiwa Livingstone ilikwama, kwa sababu wapagazi walikuwa wanakufa njiani.

Kwa nini unasafiri poa hivyo? Kwa sababu bakteria wake, Vibrio cholerae, hategemei watu wagonjwa sana pekee. Wengi wenye wameambukizwa hawaoni dalili yoyote, ama wanaharisha kidogo wanasema ni chakula tu. Lakini choo chao kinabeba bakteria kwa siku kadhaa, kati ya 1 na 10. Mpagazi mwenye afya yake anabeba pembe, anavuka pori, anajisaidia karibu na kisima cha kambi, anaendelea na safari. Msafara unaofuata unachota hapo hapo. Weka matatu mahali pa msafara na harusi mahali pa kambi, umepata ya Limuru 2022. Wageni walikula na kunywa pamoja, wakapanda magari wakaenda makwao, na muda si mrefu kesi zikaonekana Nairobi, Murang'a, Kajiado, Nakuru na Uasin Gishu. Ule mlipuko uliendelea hadi 2023, watu zaidi ya 12,000 wakaugua nchini na zaidi ya 200 wakafa.

Na akikupata vizuri, ni noma. Bakteria akipita tindikali ya tumbo anashika ukuta wa utumbo mwembamba na kumwaga sumu. Hiyo sumu inageuza kazi ya utumbo: badala ya kunyonya maji, unayamwaga, pamoja na chumvi ya mwili. Kinachotoka hakifanani tena na choo, ni kama maji yaliyooshea mchele. Mtu anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Macho yanaingia ndani, ngozi inakunjamana, misuli inabana na kupinda. Mwenye ameamka mzima asubuhi anaweza kuzikwa jioni. Bila matibabu, karibu nusu ya wanaougua vikali hufa. Wakipata maji na chumvi mapema, hufa chini ya 1 kwa 100. Hiyo tofauti yote ni pakiti ya ORS, ama kama haiko karibu, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, halafu kimbia hospitali ukiendelea kunywa. Mnamo 1869 hakuna mtu Zanzibar alikuwa na hiyo siri, si daktari wa ikulu, si mganga. Kuna madaktari wa wakati huo, hata Ulaya, waliokuwa wanamnyima mgonjwa maji.

Mji ulizika maelfu kwa maelfu. Waliokufa zaidi walikuwa watu wa hali ya chini na watumwa, wenye majina yao hayakuandikwa popote. Majumba ya mawe hayakupona yote, lakini mwenye kisima chake na mtu wa kumchemshia alikuwa na nafasi bora kuliko mwenye kuchota ya wote.

Kiti, dhoruba, na safari ya London

Oktoba 1870 Majid akafa, na Barghash, mtu wa miaka kama 33, akapata alichokitafuta tangu ile usiku ya maziko ya babake. Alirithi mji uliotoka tu kuzika watu wake. Halafu Aprili 1872 dhoruba kali ikapiga Unguja, ikavunja meli bandarini na kung'oa mikarafuu mingi. Pemba ikaponea. Mwaka uliofuata Waingereza wakambana: Juni 1873 akatia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa bahari, na soko la watumwa mjini likafungwa. Tusimpambe. Hakufanya hivyo kwa roho safi, meli za kivita zilikuwa zinatishia kufunga bandari yake. Na utumwa wenyewe uliendelea kisiwani kwa miaka mingi baada yake. Wale wanawake wa mitungi hawakuachiliwa siku hiyo.

1875 akaalikwa Uingereza. Magazeti ya huko yalimfuata kama vile blogu zinafuata staa leo: amevaa nini, amekula wapi, ameonana na Malkia Victoria. Salme, sasa mjane Ujerumani mwenye watoto wadogo, akasafiri hadi London kujaribu kupatana naye. Waingereza wakamzuia kwa ujanja wa kidiplomasia, hawakutaka stori ya familia iharibu biashara. Barghash hakumsamehe hadi kufa. Alikuwa na roho ngumu kwa mambo ya familia, hiyo lazima isemwe.

Ile London aliyoiona ilikuwa na miaka 9 tu tangu kipindupindu chake cha mwisho, cha 1866, kilichoua watu wa mashariki ya jiji penye kampuni moja ya maji ilikuwa inawapa maji yasiyochujwa vizuri. Kabla ya hapo, 1854, daktari John Snow alikuwa ameshaonyesha kwamba vifo vya mtaa wa Soho vilizunguka bomba moja la kisima. Wengi hawakumwamini. Mwaka huo huo Mwitaliano Filippo Pacini aliona bakteria mwenyewe kwa darubini, na dunia ikampuuza. Lakini uvundo wa mto Thames ulikuwa umewachosha wakubwa, kwa hivyo wakachimba mabomba makubwa ya majitaka chini ya jiji lote. Walikuwa wanakimbia harufu, wakajikuta wamekimbia ugonjwa.

Barghash akarudi nyumbani na kufanya kazi yenye mimi naona inashinda Beit al-Ajaib. Katika utawala wake maji ya chemchemi za kaskazini, upande wa Bububu, yaliletwa kwa mfereji na mabomba hadi ndani ya mji. Maji yanatoka mbali na vyoo, yanasafiri yakiwa yamefunikwa, yanafika kwa bomba. Hayapiti kwa kamba ya kisima wala kwa kata ya kila mtu. Pia akajenga hamamu ya umma, ile mtaa wake hadi leo unaitwa Hamamni, ukiwa na vyumba vya maji moto na baridi. Jumba lake la Maruhubi nalo lilijaa mabafu na matangi, ingawa hayo yalikuwa ya starehe yake na masuria wake, sio ya mama mboga. Beit al-Ajaib ikafuata 1883.

Angalia hizo tarehe vizuri. Robert Koch, yule Mjerumani mwenye aliwafanya wanasayansi wakubali kwamba kipindupindu ni bakteria, alimtambua Calcutta 1884. Kwa hivyo Sultani, kama wale wa Bombay na London, alileta maji safi mjini enzi zenye watu wengi wasomi bado walikuwa wanabishana kama ugonjwa uko kwa hewa. Hakuhitaji kujua jina la mdudu.

Sisi jina tunalijua, na miaka zaidi ya 140 imepita. Sasa chekesho ni hili. Bwawa la Ndakaini, lililomalizika 1994, limezuia mto Thika, na ndilo linabeba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi. Bwawa la Ruiru, la tangu enzi za mkoloni, nalo limepewa jina la mto wake, na maji yake pia yanaenda Nairobi. Mito miwili yenye majina ya miji yetu inanywewa jijini, huku Kimbo na Kiandutu mtu anangoja mkokoteni wa mitungi, hajui kama imejazwa kwa mfereji, kwa borehole ama kwa mto chini ya daraja. Chania na Thika zinaonekana fresh zikianguka pale Blue Posts, picha kali, lakini maji ya kuanguka si maji yaliyosafishwa.

Halafu kuna binamu yake, taifodi. Mtaani kila homa inaitwa taifodi, mtu anatoka kwa chemist na dawa za kuua bakteria bila kupimwa vizuri, na hivyo ndivyo dawa zinaishia kutoshika. Taifodi ya ukweli hupita njia ile ile ya choo hadi mdomo, ila ina ujanja wake: bakteria anaweza kujificha kwa nyongo ya mtu aliyepona na kuendelea kutoka kwa choo chake miaka mingi. Mtu mzima kabisa, anapika chapo tamu, na hajui. Ndio maana sheria inataka wenye kuuza chakula wapimwe kila miezi 6, na si njama ya kanjo tu, ingawa najua vile wengine hupata hicho cheti. Kachumbari ya smokie haipitii moto. Ikioshwa na maji ya mtungi mbaya, hakuna kitu katikati yako na choo cha mtu usiyemjua.

Mwisho wa Barghash

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kunyang'anywa. Wajerumani walitua bara 1884 wakakusanya sahihi za machifu, na 1885 manowari zao zikaja mbele ya ikulu yake kumtisha. Kwa moja ya meli hizo walimleta Salme na watoto wake, wamtumie kama kadi ya kucheza. Barghash akakataa kumwona. 1886 Uingereza na Ujerumani wakakaa Ulaya wakamgawia ukanda wa pwani wa maili 10 tu, kwa ardhi yenye babake alidhani ni yake hadi maziwa makuu. Mei 1887 akawapa kampuni ya William Mackinnon haki ya kuendesha kipande chake cha kaskazini, Mombasa ikiwemo. Kampuni hiyo ikawa mlango wa Waingereza kuingia bara, na baada yake reli, walowezi, na mashamba ya kahawa na mkonge ya Ruiru na Thika.

Alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa 1888 akapanda meli kwenda Oman, kwa wazee wake, akitafuta nafuu kwa chemchemi za maji moto za huko. Hazikumsaidia. Akageuza meli kurudi, na Machi 1888, saa chache baada ya kufika Zanzibar, akafa akiwa na miaka kama 51. Ndugu yake Khalifa akachukua kiti, mabomba yakaendelea kutoa maji, na Beit al-Ajaib ikabaki imesimama hadi sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020, wakati wa kukarabatiwa.